Udongo wa Kuoteshea Miche, na Namna ya Kuuchanganya Nyumbani

Somo: Luka 13:6–9

Katika mfano wa mtini usiozaa, Bwana wetu asimulia habari za mtunza shamba aliyeuombea mti muda wa mwaka mmoja tena. Twaukumbuka wito wa toba uliomo katika mfano huu, na ndivyo ipasavyo. Lakini tuangalie pia kwamba mtunza shamba yule hakuahidi kungoja tu. Aliahidi kuipalilia ardhi na kuutilia mti samadi. Aliomba, kisha akashika jembe.

Basi mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega habari za udongo wa kuoteshea miche. Watu wengi husia mbegu za mipapai, nyanya au miti ya kivuli ndani ya makopo na viriba, na miche hufa kabla ya mvua za Novemba. Husema, "Jua limeiua." Mara nyingi si jua, ni udongo. Maji yaliyomwagwa humo yalichukuliwa kichwani na mama au binti kutoka mbali. Mche ukifa, taabu yake nayo imepotea. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

1. Udongo wa kwetu

Wazee wa Kisukuma waliupa kila udongo jina lake. Udongo mwepesi wenye mchanga huitwa luseni. Udongo mweusi wa mabondeni huitwa mbuga. Kila mmoja una wema wake na upungufu wake. Mbuga ina chakula kingi cha mimea na hushika maji, lakini ikilowa huvimba na kujifunga, hata mizizi hukosa hewa. Ikikauka hupasuka na kuikata mizizi. Luseni hupitisha hewa vizuri, lakini maji hupita upesi na kuchukua chakula cha mmea.

Shambani mzizi waweza kwenda mbali kujitafutia. Ndani ya kopo hauna pa kwenda. Hauna budi kupata hewa, maji na chakula mahali pale pale. Ndiyo sababu udongo wa namna moja hautoshi, nasi twauchanganya, ili upungufu wa huu utimizwe na wema wa ule.

2. Samadi na mboji

Nchi yetu ina ng'ombe wengi, na samadi si haba. Lakini samadi mbichi huunguza mizizi, tena ina mbegu nyingi za magugu. Ile iliyo tayari ni nyeusi, haina harufu kali, haina joto, nayo hupukutika mkononi.

Anayetaka kuiongeza na afanye mboji, yaani takataka za mimea zilizoozeshwa. Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi mjini Indore katika Bara Hindi tangu 1924 hata 1931, katika nchi ya wakulima wa pamba kama sisi, alieneza njia ambayo hata leo yafaa. Panga tabaka la majani na mabua, kisha tabaka la samadi, kisha udongo kidogo na majivu. Rudia hivyo hata chungu kifike kiunoni. Kilowe kama kitambaa kilichokamuliwa, kifunikwe kwa nyasi, na kigeuzwe mara tatu. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa tayari. Kwa hiyo anayeanza mwezi wa Juni atakuwa nayo Septemba.

Tujihadhari na mambo manne. Mabua ya pamba yasitiwe humo, kwa kuwa hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wa pamba wasipate makao. Majivu yawe haba, maana udongo wa mbuga mara nyingi una magadi au chokaa ya kutosha. Makopo yaliyokuwa na dawa ya pamba yasitumiwe kamwe kupandia chakula. Na mwenye kidonda mkononi asishike samadi kabla ya kukifunika, kwa ajili ya hatari ya pepopunda.

3. Kuchanganya

Udongo wa mbuga hauchanganyiki ukiwa umelowa. Uchimbe wakati wa kiangazi, uutwange, kisha uuchekeche. Pima kwa debe au karai lile lile:

Mwenye luseni: madebe 3 ya luseni, debe 1 la mbuga, madebe 2 ya mboji au samadi iliyoiva.

Mwenye mbuga: debe 1 la mbuga, madebe 2 ya mchanga wa mtoni, debe 1 la mboji au samadi iliyoiva.

Geuza kwa koleo mara nyingi, ukinyunyiza maji kidogo kidogo, hata rangi iwe moja. Kila kopo litobolewe chini.

4. Kujaribu

Vipimo hivi ni mwanzo tu, maana udongo wa kijiji hiki si sawa na wa kijiji kile. Jaza kopo moja na kumwagia maji. Yakisimama juu muda mrefu, ongeza mchanga. Yakitoka mbio chini, ongeza mboji na mbuga kidogo. Kisha sia mbegu chache za mchicha. Zikiota na majani yakaungua pembeni, samadi haijaiva bado, ingoje. Ni afadhali kupoteza mbegu kumi kuliko miche mia.

5. Tusiibe ardhi

Wako wanaokwenda kuchimba udongo mzuri chini ya miti ya ngitili. Tusifanye hivyo. Mwaka 1986, Bariadi ilipokuwa ingali katika Mkoa wa Shinyanga, serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, kwa kuwa nchi ilikuwa imekuwa karibu jangwa. Wenyeji walizitenga tena ngitili kama desturi ya wazee, na miti ikarudi; mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta. Udongo ule ulijengwa na majani ya miaka mingi. Aubebaye kwa karai huinyang'anya miti chakula chake, hali zizini kwake samadi imelala bure.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther alihesabu shamba na mifugo kuwa sehemu ya mkate wa kila siku tuuombao. Basi tukiisha kuomba, tukashike koleo.

Maswali kwa wainjilisti na madarasa

1. Mtunza shamba wa mfano aliahidi kufanya nini, wala hakungoja tu?
2. Udongo wa usharika wenu ni wa namna gani, nao wapungukiwa na nini?
3. Katika kopo udongo wa namna moja haufai. Hilo latufundisha nini juu ya viungo vya mwili mmoja, 1 Wakorintho 12?
4. Ni nani katika usharika wenu asiye na ng'ombe? Atapataje samadi?