Wati za Kwenye Boksi na Sauti ya Spika: Kwa Mnunuzi Mwenye Fedha Chache

Anayeingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, au ya mji mwingine wowote nchini, hukutana kwanza na namba. Juu ya boksi la spika ndogo zinazobebeka kwa mkono mmoja pameandikwa wati 3,000, pengine 5,000, kisha zikafuata kwa maandishi membamba herufi PMPO. Muuzaji hufungulia sauti hadi besi ikatikisa kioo cha kabati, na mnunuzi aliyedunduliza shilingi 200,000 kwa miezi kadhaa hujiona amepata mali kwa bei ya bure. Akifika nyumbani, maneno ya mwimbaji hayasikiki vema, na akiongeza sauti kidogo spika zinakwaruza.

Makala hii inahusu spika ndogo za kuweka rafuni au mezani, jozi moja ya kushoto na kulia, kwa mlaji asiye na fedha ya kukosea na kununua tena.

Tuanze na hiyo namba. PMPO haina kanuni moja ya upimaji inayokubalika. Kila kiwanda huihesabu kipendavyo, aghalabu kwa kukadiria nguvu ya kufumba na kufumbua ambayo kifaa hakiwezi kuidumisha. Namba yenye maana zaidi ni ile inayofuatwa na herufi RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Isipoandikwa, mwombe muuzaji akigeuze kifaa, usome kibandiko cha nyuma au cha kwenye adapta. Kifaa hakiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko ile kinachopokea. Adapta iliyoandikwa volti 12 na ampia 2 inatoa wati 24 (12 mara 2), na sehemu ya hizo hupotea kama joto. Zile 3,000 zimetoka wapi? Hesabu hii haihitaji fundi, na tungependa kila mnunuzi aifanye palepale dukani, mbele ya muuzaji.

Wala wati 24 si aibu. Kwa sebule ya kawaida zinatosha, maana sikio halihesabu wati kama tunavyohesabu fedha. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, ongezeko dogo. Ili msikilizaji aone kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajika nguvu ya takriban mara kumi. Kwa hiyo anayelipa zaidi ili atoke wati 20 hadi 30 ananunua tofauti ambayo kwa shida ataisikia.

Swali linalofuata ni kama unayo amplifaya. Asiyenayo, kwa bajeti ndogo, tunamshauri achukue spika zenye amplifaya ndani yake, ili fedha yote iishie mahali pamoja. Mwenye amplifaya nzuri nyumbani anaweza kununua spika zisizo nayo, lakini asome omu nyuma ya vifaa vyote viwili: spika za omu 4 zikiunganishwa na amplifaya iliyotengenezewa omu 8 na kuendelea, amplifaya yaweza kupata joto la kupindukia hata kuungua. Aangalie pia unyetifu, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 87 huhitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ya desibeli 84 ili zitoe sauti sawa.

Baada ya kibandiko, sikiliza. Usikubali kupimiwa spika kwa wimbo wa muuzaji. Huo amekwisha kuuchagua. Beba katika simu wimbo mmoja unaoujua neno kwa neno, wa taarabu au dansi, wenye sauti ya mtu na ala chache. Omba vitufe vya kuongeza besi vizimwe. Sikiliza sauti ya binadamu kwanza: je, mwimbaji yu mbele yako, au anaimbia ndani ya pipa? Kisha fuata gitaa la besi. Kila noti isikike peke yake, isiwe mvumo mmoja usiobadilika. Unapolinganisha spika za aina mbili, sawazisha sauti zake, kwa kuwa sikio hupenda ile iliyo kubwa hata ikiwa ndiyo mbovu. Mwisho sogeza sikio karibu na kila koni. Zipo spika zenye koni tatu usoni ambapo moja tu ndiyo inayotoa sauti. Nyingine ni mapambo.

Spika za mtumba zisidharauliwe. Kwa fedha ileile zaweza kukupa kasha zito la mbao badala ya plastiki inayotetemeka. Hatari yake kubwa ni ule ukingo wa sponji unaozunguka koni, ambao huoza kwa miaka na kumomonyoka ukiguswa. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa sawasawa. Ikikwaruza, koili yake imekwisha kupinda au kuhama, na bei ya fundi yaweza kuzidi bei ya spika.

Nyumbani, mahali pa kuziweka hapagharimu kitu. Pembe ya chumba huvimbisha besi, basi zisogeze mbali nayo. Koni ndogo ya sauti nyembamba iwe usawa wa sikio la aliyeketi. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi, na zulia au pazia zito hupunguza tatizo hilo. Kwa spika za waya, hakikisha nyekundu imeingia kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi hunyauka, na wengi wamezirudisha dukani spika nzima kwa kosa hilo tu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na maandishi ya kwenye boksi ni maelezo. Dai risiti ya EFD yenye jina na modeli ya kifaa, si neno “spika” pekee. Muda wa waranti uandikwe, usiahidiwe kwa mdomo. Na boksi usilitupe wala usiwape watoto: lipige picha pande zote, pamoja na kibandiko cha nyuma ya kifaa, ulihifadhi hadi waranti iishe. Mlalamikaji anayekuja na namba mbili zinazopingana, ya boksi na ya kibandiko, ametupa pa kuanzia.