Malengelenge ya Sehemu za Siri: Ninavyoishi Nayo

Ukitaka kuishi vizuri na ugonjwa huu, zijue dalili zako mwenyewe. Kwangu unaanza na mwasho upande mmoja, kisha maumivu yanashuka pajani, wakati ngozi bado haina hata kipele. Baadaye yanatoka malengelenge madogo yenye maji, yamekaa pamoja, yanapasuka na kuacha vidonda vinavyochoma kama pilipili. Saa zile za mwasho ndizo za kuwahi. Dawa inafanya kazi vizuri zaidi ukiimeza kabla malengelenge hayajatoka, au siku ileile yanapotoka. Ndiyo maana nilimwomba daktari aniandikie vidonge mapema, nami nikavitunza nyumbani. Hali ikinianza usiku, sihangaiki kutafuta duka la dawa lililo wazi.

Vidonge vyenyewe ni asaikloviri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 400 mara tatu kwa siku: siku 10 kwa anayeugua mara ya kwanza, siku 5 kila yanaporudi. Anayesumbuliwa mara kwa mara anaweza kupewa vya kumeza mara mbili kila siku kwa muda mrefu. Mwenye tatizo la figo amweleze daktari kwanza, kwa sababu dozi yake hupunguzwa.

Kuna wanaotangaza kwenye simu dawa ya kumaliza ugonjwa kabisa. Wanatuibia, na inaniuma kwa sababu wanawaibia watu walioingiwa na hofu. Kirusi kikishaingia hufuata mishipa ya fahamu na kujificha kwenye mizizi yake karibu na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Huko vidonge havikifikii, wala mitishamba. Faraja ni kwamba kwa watu wengi kinarudi kwa nadra zaidi kadiri miaka inavyokwenda, na mara ya kwanza ndiyo huwa kali kuliko zote.

Wakati wa vidonda navaa kanga na chupi ya pamba isiyobana, naosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha nakausha taratibu. Mkojo ukichoma, jimiminie maji ya uvuguvugu huku unakojoa. Paracetamol inasaidia maumivu. Usipake spiriti wala dawa ya meno. Nawa mikono ukigusa kidonda, maana kirusi hiki kikifika jichoni kinaweza kuliharibu.

Vipimo navyo vina wakati wake. Kidonda kibichi kikichukuliwa majimaji kwa pamba, jibu lake ni la kuaminika zaidi. Damu inaweza kuchukua hadi wiki 12 kuonyesha maambukizi. Siku hiyohiyo pima kaswende na VVU, kwa kuwa mwenye aina ya pili ya kirusi hiki ana uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuambukizwa VVU. Tena usidhani vidonge vitakukinga: utafiti uliofanywa kaskazini magharibi mwa Tanzania kwa wanawake waliofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni, ukachapishwa 2008, uliona kuwa asaikloviri ya kila siku haikupunguza maambukizi ya VVU. Kondomu bado inahitajika.

Sasa tuje kwenye jambo linalovunja nyumba. Malengelenge yakitokea ndani ya ndoa, swali la kwanza huwa: umeyatoa wapi? Nimeona watu wakirudishwa kwao kwa swali hilo. Kirusi kinaweza kukaa kimya miaka mingi, na wengi walionacho hawajawahi kuona kidonda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 846 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na maambukizi haya sehemu za siri, zaidi ya mmoja katika kila watano. Kwa hiyo lengelenge la leo si ushahidi wa usaliti wa juzi. Wazee wa pande zote mbili wanaoitwa kusuluhisha wanapaswa kulijua hilo kabla hawajahukumu.

Mwambie mwenzako mchana, mkiwa mmetulia, kabla hamjafika kitandani. Mimi nilisema hivi: "Nina kirusi cha malengelenge. Hakitoki mwilini, ila kina dawa. Nakwambia sasa ili uamue ukiwa unajua." Kisha nikanyamaza, nikampa nafasi ya kuuliza. Tuna kanuni yetu: mwasho ukianza, tendo la ndoa linasimama hadi ngozi ipone kabisa. Siku nyingine tunatumia kondomu, kwa sababu kirusi huweza kutoka hata ngozi ikiwa safi. Kondomu inapunguza hatari, haiimalizi.

Na wewe mjamzito, hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa upya miezi ya mwisho ya mimba. Mwenzako akiwa na kirusi nawe huna, epukeni tendo la ndoa katika miezi hiyo. Uliyenacho tangu zamani unaweza kupewa vidonge kuanzia wiki ya 36, na ukiwa na vidonda siku ya uchungu, daktari anaweza kushauri upasuaji. Tafadhali mwambie mkunga mapema, ukiwa bado unahudhuria kliniki.