Maumivu ya Goti kwa Watu wa Kinga

Labda wewe ni mtu wa kinga, yaani baisikeli. Labda unaleta makala Lubumbashi toka porini, ama unabeba abiria Kisangani, ama wewe ni mwinjilisti mwenye vijiji vitano vya kuzunguka. Kinga ndiyo inayolisha watoto wako. Basi, siku moja goti linaanza kuuma. Kwanza linauma kidogo tu, wakati wa kupanda mlima. Halafu linauma wakati wa kuchuchumaa, na ukikaa muda mrefu kanisani unasimama kama mzee. Jirani mmoja anasema umerogwa, mwingine anakupa jina la sindano. Lakini mara nyingi sababu haiko mbali. Iko chini yako: ni kiti cha kinga.

Tuangalie goti lenyewe kwanza. Keti chini, nyosha mguu, legeza nyama za paja. Weka vidole juu ya goti, nawe utasikia mfupa mdogo wa mviringo unaosukumika huku na huku. Ndio kifuniko cha goti. Nyama kubwa za paja zimefungwa juu yake, na chini yake kuna kamba ngumu inayoshika mfupa wa muundi. Kila mara unapokunja goti, kifuniko hiki kinateleza katika mfereji wa mfupa wa paja. Mifupa hiyo imefunikwa na kitu cheupe chenye kuteleza; umekiona mara nyingi kwenye kiungo cha mbuzi aliyechinjwa.

Mguu ukiwa karibu kunyoka, kifuniko hakikandamizwi sana. Lakini goti likikunjwa sana, na huku unasukuma kwa nguvu, kinakandamizwa vibaya juu ya mfupa wa paja. Kama magoti yako ni mazima, jaribu: simama, kunja magoti kidogo. Hiyo ni kazi nyepesi. Sasa shuka mpaka karibu na kuchuchumaa, ukae hapo hapo na kuhesabu mpaka 20. Unasikia jinsi mapaja yanavyoungua? Mtu mwenye kiti cha chini anafanya kazi ya namna hiyo kila anapokanyaga pedali. Akikanyaga mara 60 kwa dakika moja, kila goti limekunjwa mara 3600 kwa saa moja. Safari ya makala si ya saa moja.

Kwa nini basi watu wanashusha kiti? Wengine wameazima kinga ya mtu mfupi, wakaona uvivu wa kutafuta ufunguo. Wengi, lakini, wana sababu nzuri: wamebeba mzigo mkubwa nyuma, nao wanataka miguu yote miwili ifike chini upesi kinga ikiyumba. Hatuwezi kuwacheka. Kuanguka na magunia matatu ya makala katika mteremko ni jambo la kuvunja mifupa. Hata hivyo, mzigo ukiwa mkubwa hata huwezi kusimamisha kinga bila kuweka nyayo zote mbili chini, mzigo huo ni wa kusukuma kwa mikono, si wa kupanda. Panda wakati wa kurudi mtupu, na wakati huo kiti kiwe juu. Funga ufunguo kwenye kinga kwa kipande cha mpira, usiuache nyumbani.

Kipimo cha kiti ni hiki. Egemeza kinga ukutani, ama mwambie mwenzako ashike. Vaa viatu vile vile unavyovaa safarini. Keti sawasawa, weka kisigino juu ya pedali, uisukume mpaka chini kabisa. Mguu wako unapaswa kunyoka. Kama goti bado limekunjwa, kiti kiko chini mno. Kama kisigino hakifiki, ama unalala upande ili kifike, kiti kiko juu mno. Ukiisha kupata mahali pake, weka sasa sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole, juu ya pedali. Utaona goti limekunjika kidogo tu. Ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo unavyopaswa kukanyaga, si kwa kisigino wala kwa katikati ya wayo.

Lakini usipandishe kiti chote siku moja ikiwa umezoea chini. Pandisha upana wa kidole kimoja, uende hivyo siku chache, ndipo upandishe tena. Nyama na kamba za mguu zinataka muda wa kuzoea. Tena, angalia bomba la kiti. Likiwa na alama ya mwisho, usiipite. Kama haina alama, acha upana wa vidole vinne au zaidi ndani ya bomba la kinga, bila hiyo linaweza kuvunjika nawe uko juu.

Mahali panapouma panaweza kukusaidia kujua kosa. Maumivu ya mbele, kuzunguka kifuniko, mara nyingi ni ya kiti cha chini, ama kiti kilichosogezwa mbele mno, ama mzigo na mlima. Maumivu ya nyuma ya goti mara nyingi yanatoka kwa kiti kilicho juu mno. Kama yako kando, ndani au nje, tazama nyayo zako: je, vidole vinatazama mbele, ama vimegeuka kama vya bata? Tazama pia pedali. Kinga iliyoanguka mara nyingi ina pedali iliyopinda, nayo inasokota goti kila mzunguko. Fundi atainyosha kwa bei ndogo kuliko vidonge.

Sasa, neno juu ya milima. Kinga nyingi za kazi hazina vitesi, zina gurudumu moja tu la meno nyuma. Kama la mbele lina meno 44 na la nyuma 18, kila mzunguko wa pedali unazungusha gurudumu karibu mara 2 na nusu. Fundi akiweka la nyuma lenye meno 22, linazunguka mara 2 tu. Utakwenda polepole kidogo pahali pa tambarare, lakini mlimani goti litakushukuru. Huenda mnyororo utataka kurefushwa. Kama huna feza za kazi hiyo, shuka na kusukuma. Vijana wanaona haya kushuka mbele ya watu; wenye miaka 20 katika kazi hii hawaoni haya.

Goti likiisha kuuma, lifanyiwe nini? Acha kinga kwa siku chache, lakini usilale kitandani. Tembea pahali pa tambarare. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya goti kwa dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, na kungoja saa 6 kabla ya kumeza tena. Asipite vidonge 8 mchana na usiku pamoja. Mwenye ugonjwa wa ini, ama mnywaji wa pombe, aulize kwanza.

Tena kila siku keti juu ya kiti, nyosha mguu mmoja mpaka goti linyoke, kaza nyama za paja, uhesabu mpaka 10, uuteremshe polepole. Fanya mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Nyama za paja ndizo zinazoshika kifuniko katika njia yake, na goti linalouma linazifanya zikonde upesi. Kazi hii inataka wiki nyingi, si siku mbili.

Jihadhari na vidonge vya sokoni. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, zaidi zikimezwa kila siku bila chakula ili mtu aweze kuendelea kupiga pedali. Deksametazoni ni mbaya zaidi: inaficha maumivu na homa, na ugonjwa unaendelea chini yake. Wala usikubali kuchanjwa chale juu ya goti. Wembe unaingiza vijidudu mahali ambapo havikuwako.

Lakini goti lingine si la kinga hata kidogo. Kama limevimba, lina moto, haliwezi kukunjwa, na mwenyewe ana homa, nenda lopitali leo, usingoje kesho. Huenda kuna usaha ndani ya kiungo, nao unaweza kula kile kitu cheupe kwa siku chache tu, na mguu ukabaki mgumu maisha yote. Njoo upesi pia kama umeanguka na huwezi kukanyaga, ama goti limekwama wala halinyoki. Kijana mwenye uvimbe unaokua karibu na goti na maumivu yanayomwamsha usiku, aletwe apigwe picha. Na mtoto anayechechemea akisema “goti” apimwe nyonga pia, maana ugonjwa wa nyonga mara nyingi unasikika gotini. Mtoto mwenye damu ya SS akipata homa na maumivu ya mifupa, asingoje nyumbani.

Kwa maumivu mengine, yale ya polepole, yasiyoisha baada ya wiki tatu za kufanya haya yote, njoo siku ya kawaida, na kinga yako ukuje nayo. Munganga ataangalia goti, halafu atakuomba upande juu ya kiti uukanyage mbele yake.