Kazi Kwanza, Jina Baadaye: Somo la Cheche katika Mashine ya Boti

Mwalimu anayefundisha karibu na bahari au ziwa ana kifaa cha sayansi ambacho wenzake wengi wa bara hawana, nacho ni mashine ya boti. Hata hivyo, katika mazoezi ya kufundisha tunaona mara nyingi kwamba somo la umeme huanzia na kuishia ubaoni. Mwanachuo huandika majina ya vifaa, wanafunzi huyanakili, na jaribio la mwisho wa wiki huyauliza. Mtoto wa mvuvi huondoka darasani akiamini kwamba umeme wa shule ni mmoja na umeme wa boti ni mwingine. Siku mashine itakapozima naye yumo botini, majina yale hayatamfaa kitu.

Katika makala haya tunapendekeza njia ya kuziba pengo hilo kwa kutumia mfano mmoja, yaani kubadili mfumo wa cheche wa mashine ya zamani kutoka pointi hadi elektroniki. Kanuni tunayoitetea ni hii: mwanafunzi aijue kwanza kazi ya kifaa, ndipo apewe jina lake.

Yampasayo mwalimu kuyajua

Mashine tunayoizungumzia ni ya petroli, yenye silinda 4 na mipigo 4, iliyofungwa ndani ya boti pamoja na betri ya volti 12 na distributa. Mashine za namna hii zilifungwa kwa wingi katika boti ndogo za Marekani na Ulaya katika miaka ya 1960 na 1970. Mashine za kupachika nyuma, ambazo wavuvi wetu wanazijua zaidi, nazo zilikuwa na pointi katika aina zake za zamani. Tofauti ni kwamba pointi zake zilikaa chini ya gurudumu zito la juu, na umeme wake ulitokana na sumaku za gurudumu hilo. Kanuni ya kukata mkondo ni ile ile.

Plagi huhitaji maelfu ya volti ili itoe cheche, lakini betri ina volti 12 tu. Kazi ya kupandisha umeme hufanywa na koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Mkondo unapopita katika waya mnene, koili hugeuka sumaku. Mkondo ukikatwa ghafla, nguvu ya sumaku huporomoka, na katika waya mwembamba huzaliwa umeme mkali ambao huweza kupita volti 20,000. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme. Charles Kettering wa Marekani aliitumia kanuni hiyo katika mfumo wa betri, koili na pointi uliofungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910.

Hapa mwalimu asisitize jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea: cheche huzaliwa mkondo unapokatwa, wala si unapounganishwa. Kwa hiyo mashine huhitaji swichi ya kuukata mkondo kwa wakati wake. Katika mfumo wa zamani swichi hiyo ni pointi, yaani vipande viwili vya madini vinavyogusana na kuachana. Mhimili wa distributa una pembe nne; kila pembe inapopita husukuma kisigino cha pointi, nazo hufunguka. Kando yake kuna kondensa, ambayo hupokea umeme pointi zinapofunguka, ili mkondo ukatike upesi na pointi zisiungue.

Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba vifaa vyake hugusana. Kisigino husuguliwa na kulika, nafasi kati ya pointi hupungua, na cheche huchelewa. Mashine hupungukiwa nguvu, hula petroli zaidi, na huwa nzito kuwaka. Nyuso za pointi nazo huungua kidogo kidogo, na unyevu wa chumvi huziharibu zaidi. Kwa mtu aliye barabarani hii ni kero. Kwa mtu aliye baharini upepo ukimsukuma kuelekea mwambani, ni suala la uhai.

Katika mfumo wa elektroniki, pointi na kondensa huondolewa. Juu ya mhimili huvishwa pete yenye sumaku nne, na kando yake hufungwa kifaa kinachoihisi kila sumaku inapopita bila kuigusa. Aina moja inayotumika sana hutegemea tabia ya umeme mbele ya sumaku iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Kifaa hicho huiamuru transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ikate mkondo wa koili. Koili, rota, kifuniko, nyaya na plagi huweza kubaki vile vile. Kazi haikubadilika, kilichobadilika ni mkono unaofungua swichi.

Shabaha na vifaa vya somo

Shabaha ni kwamba, mwisho wa somo, mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini mkondo hukatwa, na kulinganisha njia mbili za kuukata. Vifaa ni betri za tochi, balbu yake, waya wenye ganda la plastiki, msumari mkubwa, pini, vipande viwili vya bati, kipande cha mti cha pembe nne chenye mpini, dira, na sumaku nne ndogo. Mwalimu akiweza, aombe kwa fundi pointi zilizokwisha kutupwa.

Hatua za kufundishia

Hatua ya kwanza. Zungusha waya katika msumari, unganisha na betri, na wanafunzi waone pini zikivutwa. Kata mkondo, nao waone pini zikianguka. Waulize: nguvu ya sumaku imekwenda wapi? Wape muda wa kubishana kabla ya kueleza. Wanaokata mkondo washike waya penye ganda tu.

Hatua ya pili. Tengeneza swichi ya vipande viwili vya bati vinavyogusana, na uiunganishe na balbu. Mwanafunzi mmoja azungushe kipande cha mti chenye pembe nne ili kila pembe iachanishe bati. Darasa lihesabu balbu inazimika mara ngapi katika mzunguko mmoja. Sasa, na si kabla ya hapo, waonyeshe pointi halisi na uzitaje jina. Mwanafunzi atalipokea jina kama jibu la swali alilokwisha kuwa nalo.

Hatua ya tatu. Panga sumaku nne pembezoni mwa duara la karatasi ngumu, ncha za aina moja zikitazama nje, kisha ulizungushe polepole karibu na dira. Sindano itashtuka kila sumaku inapopita, ingawa hakuna kilichoigusa. Mwanafunzi mmoja aitazame sindano, na kila inaposhtuka aseme "Kata!" Mwenzake akisikia neno hilo afungue swichi ya balbu. Wa kwanza amefanya kazi ya kifaa cha kuhisi. Wa pili amefanya kazi ya transista. Darasa likikwisha kucheka, liulize ni kitu gani hapa kitakacholika kwa kusuguana.

Hatua ya nne ni hesabu. Mashine ya silinda 4 na mipigo 4 hutoa cheche 2 kwa kila mzunguko wa mhimili mkuu. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hutoa cheche 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde, au 360,000 kwa saa. Wanafunzi wakifikia jibu hilo wenyewe, hawatahitaji kuambiwa kwa nini kisigino cha pointi hulika. Walio mbele wapewe swali la pili: koili yenye ukinzani wa omu 3 katika volti 12 hupitisha ampea 4, je, yenye omu 1.5 itapitisha ngapi? Jibu ni 8. Ndiyo sababu fundi hupima koili kabla ya kufunga mfumo mpya, kwani mkondo ukizidi kiwango cha kifaa, kifaa huungua.

Tahadhari

Darasa likimtembelea fundi, wanafunzi watazame tu, nayo mashine iwe imezimwa na waya wa betri umetolewa. Umeme wa plagi si wa kujaribiwa kwa kidole. Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kukaa ngamani, ambako cheche moja inaweza kuulipua. Kwa sababu hiyo vifaa vya umeme vya chumba cha mashine ya petroli botini hutengenezwa visiweze kuuwasha mvuke huo. Distributa ya gari inaweza kufanana na ya boti, lakini isifungwe mahali pake. Mwalimu alitaje jambo hili waziwazi, maana mtoto atalipeleka nyumbani.

Mwalimu asiwe mpiga debe wa kipya

Ni rahisi kumalizia somo hili kwa kusema kwamba cha kisasa ni bora na cha zamani ni duni. Tunawashauri wanachuo wasifanye hivyo. Kifaa cha elektroniki hakiliki kwa kusuguana, hutunza wakati wa cheche, na huondoa kazi ya kurekebisha pointi kila mara. Lakini nyaya zake zikigeuzwa huweza kufa papo hapo, na swichi ikiachwa wazi mashine ikiwa imesimama, huweza kuungua pamoja na koili. Pointi zilizochafuka husafishwa baharini kwa tupa ndogo; kifaa cha elektroniki kilichokufa hakitengenezeki botini. Nahodha mwenye busara, akikwisha kubadili, huhifadhi pointi na kondensa nzima katika kopo kavu, pamoja na bisibisi.

Mwanafunzi aliyefundishwa kazi ataelewa mara moja kwa nini kopo hilo limo botini, kwa kuwa anajua kwamba vifaa hivyo viwili hufanya kazi moja. Kwa hiyo, katika kupima somo, msimwulize, "Taja sehemu tano za mfumo wa cheche." Mwulizeni: "Fundi ameondoa pointi katika mashine ya boti. Kitakachowekwa mahali pake lazima kifanye nini, na kwa wakati gani?" Akijibu kwamba lazima kikate mkondo wa koili kila silinda inapohitaji cheche, basi amelielewa somo, hata kama jina la kifaa limempotea.