Mtoto akipotea, tusubiri saa 24?

Swali: Mimi ni balozi wa nyumba kumi hapa Malampaka, Maswa. Mtoto akipotea jioni, tusubiri saa 24 ndipo tuende polisi? Na sungusungu wakimkamata mshukiwa?

Jibu: Usisubiri hata saa moja, ndugu yangu. Sharti hilo halimo katika sheria zetu. Mwano, yaani yowe la kuita watu, upigwe papo hapo. Sungusungu wakigawana majaruba, malambo, visima na stesheni ya reli, mtu mmoja awe ameshafika polisi na picha ya mtoto, aeleze alivaa nini na nani alimwona mwisho. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Mshukiwa msimpige. Ni kosa, na akifa hatataja mtoto aliko wala waliomtuma. Kiatu au nyayo mkiziona, zilindeni hadi mpelelezi afike.

Kazi haiishii kwa kumkamata mshukiwa. Kwa mfano, Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao. Mwili ulipatikana Juni, na watu tisa wakafikishwa mahakamani Bukoba kwa shtaka la mauaji. Kesi za namna hii hufa mashahidi wasipotokea. Mkiitwa mahakamani, tafadhali nendeni.