Kabla ya Ndege, Maliza Karatasi Thika

Vijana wa hapa Ngoliba wanaojiandaa kwenda Ghuba hunijia wakiwa na maswali ya mshahara, joto na chakula. Mimi huwarudishia swali langu: ukilazwa hospitalini huko wiki ijayo, ni nani hapa nyumbani anayejua karatasi zako ziko wapi, na sheria inamruhusu azitumie? Wengi hunyamaza. Nilitunza stoo ya hoteli Dubai kwa miaka mingi, na nilichokiona ni kwamba Mkenya hateswi sana na sheria ya ugenini. Mara nyingi kinachomtesa ni karatasi aliyoiacha nusunusu nyumbani, ambayo ingemalizwa kwa kupanda matatu hadi Thika mara mbili tatu.

Anza na majina. Tandaza mezani kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na cheti cha KCSE, kisha usome herufi kwa herufi. Kwetu huku, ambako Wakikuyu na Wakamba tumechanganyika na kila karani aliandika jina alivyolisikia, ni kawaida kukuta Mutuku kwenye kitambulisho na Mutuko kwenye cheti cha shule, au jina la ubatizo likiwa kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine. Hapa nyumbani chifu anakujua, kwa hivyo halikusumbui. Ugenini, herufi moja inatosha kukufanya watu wawili. Tofauti ndogo ya tahajia hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, na mawakili wenye mamlaka hayo wamejaa Thika mjini. Kama jina lenyewe limebadilika, utahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, isajiliwe na itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Fanya hivyo kabla ya kuomba pasipoti, kwa maana karatasi zote zitakazofuata zitalinakili jina lililo kwenye pasipoti.

Cheti cha ndoa kinastahili maneno zaidi. Wengi wetu tumeoana kimila. Ruracio ililipwa, au mbuzi wa ntheo walipelekwa, na kijiji kizima kinajua huyu ni mke wa fulani. Afisa wa uhamiaji Dubai hakuwapo siku hiyo. Ukitaka kumleta mwenzako kwa visa ya familia ataomba cheti, na hata kampuni ya bima itakiomba ikifika siku ya kulipa mjane. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila na inataka isajiliwe, kwa hivyo nendeni kwa msajili wa ndoa mngali wote wawili nchini. Baada ya hapo cheti kinahitaji mihuri ya kuthibitishwa: Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi kwanza, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Vyeti vya masomo na cheti cha tabia njema kutoka DCI navyo hupitia njia hiyohiyo vinapotakiwa. Mtu aliye Dubai akikumbuka jambo hili akiwa amechelewa, huanza kutuma vyeti halisi kwa watu wanaosafiri, na cheti halisi kikipotea njiani ni kazi ya kuanza upya.

Kuhusu ajenti nitasema kwa ufupi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliundwa kwa sheria ya 2016 na huchapisha orodha ya ajenti wenye leseni. Jina la ajenti wako lisipokuwamo, usimpe pasipoti wala shilingi. Na anayekwambia uende kwa visa ya kutembea, kazi utaipata hukohuko, anakupeleka mahali ambapo hutakuwa na mkataba, hutakuwa na bima, na hutakuwa na malipo ya mwisho. Hilo silipunguzi makali hata kidogo, kwa sababu nimewaona waliolipa gharama yake.

Mkataba wenyewe ukiupata, ukae nao usiku mzima. Mikataba ya Falme za Kiarabu huandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza ubavu kwa ubavu, na macho ya wengi hukimbilia jumla ya mshahara. Wewe tazama mstari wa mshahara wa msingi. Chini ya sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Posho ya nyumba na ya usafiri haihesabiwi. Chukua watu wawili wanaolipwa dirham 2,400 kwa mwezi. Wa kwanza, msingi wake ni 1,200 na zilizobaki ni posho. Wa pili, msingi wake ni 2,000. Wakiondoka baada ya miaka 4, wa kwanza atapewa dirham 3,360 na wa pili 5,600. Kila mwisho wa mwezi walikuwa sawa, na tofauti yao ilikuwa kwenye mstari mmoja ambao mmoja wao hakuusoma kabla ya kutia sahihi. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kukunyang'anya pasipoti. Piga picha ya mkataba, visa na pasipoti, umtumie mtu wa nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa bima, na hapa ndipo watu hudhani wamefunikwa kumbe kuna sehemu ziko wazi. Dubai ina sheria ya 2013, namba 11, inayomlazimu mwajiri kumlipia mfanyakazi bima ya afya bila kumkata mshahara. Wafanyakazi wa mshahara wa chini huwekwa kwenye mpango wa kimsingi, ambao kikomo chake ni dirham 150,000 kwa mwaka. Ukipewa kadi, uliza mambo matatu kabla hujaugua: ni hospitali zipi zinaipokea, utachangia asilimia ngapi ya gharama, na ugonjwa uliokuja nao kutoka nyumbani utaanza kugharamiwa lini. Ukumbuke pia kwamba kadi hiyo hufuata visa. Kazi ikiisha na visa ikifutwa, bima nayo inaondoka. Na haimfuniki mama yako aliye Ngoliba.

Kuna bima nyingine ambayo bei yake ni ndogo kiasi kwamba watu huidharau. Tangu Januari 2023 Falme za Kiarabu zinawataka wafanyakazi wawe na bima ya kupoteza kazi. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirham 16,000 hulipa dirham 5 kwa mwezi. Ukiachishwa kazi si kwa utovu wa nidhamu wala kwa kujiuzulu, na umelipa angalau miezi 12 mfululizo, unapata asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa muda usiozidi miezi 3. Madai yafikishwe ndani ya siku 30. Asiyejiunga hutozwa faini ya dirham 400. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo katika mpango huu, na dada zetu wengi huenda kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, na ndiyo sababu dada anayekwenda kufanya kazi ya nyumba anahitaji kuweka akiba yake ya dharura mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Turudi huku. Watu wako wa nyumbani wanahitaji bima yao. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisha mkeo au mumeo na watoto wameandikishwa kama wategemezi. Wazazi ni bora wawe na akaunti zao wenyewe, nawe uwatumie mchango. Mambo yakikwama, mtu wa nyumbani anaweza kufuatilia Huduma Centre ya Thika, na hapo utaona faida ya kumwachia nakala za vitambulisho vyote. Halafu kuna KRA. Kuondoka nchini hakufuti PIN yako. Peleka ritani kwenye iTax kabla ya 30 Juni kila mwaka hata kama hukupata chochote Kenya, la sivyo faini ya shilingi 2,000 itajirudia mwaka baada ya mwaka.

Jambo ambalo ningependa ulitafakari kwa utulivu ni hati ya uwakilishi, ile karatasi inayompa mtu mwingine uwezo wa kutia sahihi kwa niaba yako. Utaihitaji, kwa sababu pesa za kwanza za Ghuba huwa na njia moja: kipande cha ardhi upande wa Ngoliba, Gatuanyaga au kuelekea Kilimambogo. Usimpe mtu mamlaka ya jumla. Andika kazi yenyewe: kununua shamba namba fulani, kwa bei isiyozidi kiasi fulani, na mamlaka yaishe tarehe fulani. Ukiwa bado hujasafiri, wakili wa Thika atakuandalia na isajiliwe. Ukiwa tayari uko nje, itie sahihi mbele ya afisa wa ubalozi wa Kenya au wa ubalozi mdogo wetu, aipige muhuri, kisha iletwe isajiliwe huku. Iliyotiwa sahihi chumbani na kutumwa kwa WhatsApp haina kazi katika ofisi ya ardhi.

Uliyempa uwezo huo afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi Thika kabla hujatuma hata senti. Kadi ya hisa ya kampuni ya kununua mashamba si hati miliki, hata ikiwa na muhuri wa kupendeza. Na kama ni ardhi ya kilimo, kama ilivyo sehemu kubwa ya Ngoliba, sheria inataka idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe, vinginevyo mauzo yanahesabiwa batili. Mume au mke wa muuzaji atoe ridhaa yake kwa maandishi. Watu hulipa bei yote, wanajenga, na idhini hawajawahi kuiomba. Kisha muuzaji anafariki, na watoto wake wanakuja na sheria mkononi.

Hapo nimefika kwenye kifo, na nitakisema wazi kwa sababu kijiji hiki kimechanga mara nyingi. Mtu akifa ughaibuni, kwanza huundwa kundi la WhatsApp, kisha nambari ya paybill, na wazee wanakaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri jumla ya jioni. Aghalabu hakuna anayejua kwamba sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inamtaka mwajiri agharamie kuandaa na kusafirisha mwili familia ikiomba. Ombeni, kwa maandishi, kupitia ubalozi. Mchango usaidie watoto.

Kiinua mgongo cha marehemu na pesa zake za benki hazitatoka kwa machozi. Familia itaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha mahakama ya Thika kuomba usimamizi wa mali. Ombi litatangazwa katika Gazeti Rasmi na watu wapewe siku 30 za kupinga, na kwa kawaida uthibitisho husubiri miezi 6. Chifu ataandika majina aliyoambiwa, kwa hivyo mke asiye na cheti na mtoto aliyezaliwa nje ya boma ndio huachwa nje ya barua ile.

Wosia ungewasaidia wote hao, nao hauna ugumu ambao watu huuogopa. Uandike, uutie sahihi mbele ya mashahidi wawili wazima, nao watie sahihi mbele yako. Mashahidi wasiwe watu uliowaachia kitu, kwa kuwa urithi wa shahidi unaweza kubatilika. Wosia wa mdomo, ule wa kumwambia mjomba kabla ya kwenda uwanja wa ndege, unahitaji mashahidi wawili na hudumu miezi 3 tu. Mkataba wa Ghuba aghalabu ni wa miaka 2.