Somo la sayansi: Joto na insulini ya bibi

Chukueni vidonge viwili vya vitamini C, vile vya kutia majini. Kimoja kitieni kwenye maji baridi, kingine kwenye maji vuguvugu. Cha maji vuguvugu kitatoa povu jingi na kwisha mapema. Povu hilo ni mmenyuko wa kemikali, yaani vitu kugeuka kuwa vitu vingine. Joto huzipa chembe mwendo, zikagongana mara nyingi na kwa nguvu zaidi. Kidonge kilichopondwa nacho huwahi kwisha, kwani maji hukigusa kila upande.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo linalonishughulisha hasa ni joto. Mimenyuko mingi huongezeka kasi takriban mara 2 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, na dawa huharibika kwa njia hiyo hiyo. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Mkimpelekea bibi Mombasa, msiiache kwenye buti la gari. Wala msiitie kwenye mizigo ya chini ya ndege, maana ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Ibebeni mkononi, na cheti cha daktari. Wazazi, msitegemee macho: insulini iliyopoteza nguvu huweza kuonekana safi kabisa.